Namba Tano ya Lagos

Ukiingia kwa fundi yeyote wa nguo hapa Majengo, kabla hujamaliza kusalimia utakuwa umeshaona mabango. Ni makaratasi makubwa ya kung'aa yenye wanawake ishirini au thelathini, kila mmoja na gauni lake na namba yake. Mteja wetu hajisumbui kueleza anataka nini. Anainua kidole, anasema nishonee namba kumi na nne, na mazungumzo yamekwisha. Ole wako utie akili yako humo. Anataka kama ilivyo kwenye picha, bila kupunguza wala kuongeza. Mwaka juzi nilimshonea mama mmoja mfuko mdogo mweusi kiunoni, mfuko usioingia hata sarafu, kwa sababu kwenye bango ulikuwepo. Baadaye nikaliona bango lilelile kwa fundi mwingine na mfuko haupo. Langu lilikuwa na doa la wino. Mama yule anauvaa mpaka leo, na wenzake wawili wamemwiga.

Mimi naitwa Ludovika, wengi huniita Mama Leo, na nimekaa kwenye cherehani miaka kumi na tisa nikishona namba za watu nisiowajua. Wale wanawake wa mabangoni husemekana ni wa Lagos. Sijawahi kuwaonea wivu kwa uzuri wao. Niliwaonea wivu kwa sababu mtu aliyebuni nguo zao alikuwa mahali fulani amekaa, na vidole vya Songea nzima vilikuwa vinamtii. Mimi nina mishono yangu kichwani, na mingine nimeichora nyuma ya madaftari ya mwanangu Leo tangu akiwa darasa la pili. Nilichotaka ni kimoja tu: siku moja mteja aingie, ainue kidole, na kidole kiangukie gauni lililotoka kichwani mwangu. Zaidi ya hapo sikuomba.

Ili gauni liingie kwenye bango lazima lipigwe picha, na mpiga picha jirani yangu ni Amedeus. Ana studio ya paspoti, ana kompyuta, anachapa kadi za harusi na za msiba kwa bei moja. Nilimshonea pazia lake la bluu, naye akaniazima kamera yake ya zamani. Somo lake lilikuwa fupi. Taa mbili mbele, mteja katikati, ukimaliza mng'arishe kwenye kompyuta mpaka ashukuru. Ndiyo maana watu wote wanaotoka mlangoni kwa Amedeus wana rangi moja, kama mikate ya tanuri moja. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba anayetaka kujiona mweusi ana kioo nyumbani.

Jibu lile lilinikera, na mimi nikikereka hufanya kazi vizuri. Nikaanza kujifundisha kwa video za simu. Mwalimu wangu alikuwa kijana wa Kizungu mwenye maneno mengi, na Kiingereza chake nilikipata nusu. Tatizo halikuwa lugha. Tatizo ni kwamba mwanamitindo wake alikuwa mweupe kama sembe, na kila alichoniambia nikifanya kwangu kiligoma.

Studio yangu ilikuwa ghala la mahindi. Nyumba yetu iko Mfaranyaki, na nyuma ina chumba kisicho na dirisha ambamo mume wangu Eusebi huweka magunia yakitoka shambani Namtumbo. Kufika Januari magunia yanakuwa yamekwisha, na mpaka mavuno chumba hubaki na vumbi na panya. Wenzangu wana studio, mimi nilikuwa na msimu. Nikatundika bitana nyeusi ukutani. Nikapigilia balbu mbili kwenye mbao ndefu, nikaweka chandarua cheupe cha zamani mbele ya moja ili mwanga upoe, na boksi la televisheni nikalibandika foili ya kufunikia chakula ili lirudishe mwanga upande wa pili.

Mwanamitindo wangu wa kwanza alikuwa biringanya. Cheka umalize. Biringanya ni jeusi, lina ngozi nyororo, na halichoki kukaa mkao mmoja. Wiki ya kwanza nililimulika usoni kwa taa zote mbili kama Amedeus, likatoka la kijivu. Nikaongeza mwanga, likawa kijivu zaidi, limepondeka kama limekaa sokoni siku tano. Jioni moja nikazima taa ya mbele kwa hasira, nikabaki na ile ya pembeni nyuma ya chandarua, nikabonyeza bila hata kuangalia. Nilipoangalia, biringanya lilikuwa limetulia pale, jeusi kabisa, na mstari mweupe mpana unashuka ubavuni mwake, nalo ni la mviringo, unaweza kulishika. Hapo nikaelewa jambo ambalo yule kijana hakuwahi kuniambia kwa sababu hakuwahi kulihitaji. Kitu cheusi hukimwagii mwanga. Unakiwekea kitu cheupe karibu, chenyewe kinachukua kinachokitosha.

Nililia kidogo, nakiri. Halafu nikampika mwanamitindo wangu, nikamla na ugali. Eusebi alipokuja Pasaka kutoka shambani akakuta jingine limevikwa kola ya hariri, akaniuliza kama nalala usiku.

Sasa nilihitaji mtu. Niliwaomba wanawake watatu. Wa kwanza mumewe alikataa, wa pili alikuja amejipaka poda mpaka masikioni, wa tatu alitaka malipo ya Dar es Salaam. Wa nne alikuwa Anjelika.

Anjelika anauza dagaa wa Nyasa sokoni. Kwao ni Mbamba Bay, na mjini hapa hakuna asiyemjua, maana sauti yake hufika kabla ya beseni. Ni mrefu, ni mweusi wa kweli, na ana kidevu kilichochongoka ambacho hakishuki hata anapotafuta chenji. Kila jioni akirudi alipitia kibarazani kwangu, ananiwekea kifungu cha dagaa juu ya cherehani, anakaa, tunawasema watu. Huyo ndiye alikuwa shoga yangu. Nilipomwomba asimame mbele ya kamera alikubali, ila alinionya.

"Mimi sipigiki, Mama Leo. Kamera inanikosa."

Alikuwa na ushahidi. Kwenye kitambulisho chake yapo meno na weupe wa macho, basi. Kwenye picha ya kipaimara ya binti yake, aliyoipiga Amedeus, amekuwa wa rangi ya chapati, na binti mwenyewe ukimuuliza mama yuko wapi anasita.

Tulifanya kazi alasiri tatu. Mvua ilipiga bati mpaka tukawa tunasemezana kwa mikono, umeme ulikatika mara mbili tukakaa gizani tunasubiri. Nilimwambia ajipake mafuta mabegani na mashavuni, maana ngozi yenye mafuta hushika mwanga. Alivaa magauni yangu kumi na mawili, moja baada ya jingine. La tano lilikuwa la rangi ya maziwa, kola pana kama mabawa, kifua kitupu bila urembo wowote. Hilo ndilo lilikuwa roho yangu. Nikapandisha taa juu kushoto kwake, nikasogeza boksi la foili, nikamwambia anyanyue kidevu, akacheka kwa kuwa hajawahi kukishusha. Nikabonyeza.

Uso ulitoka wote. Kila mfupa ulikuwa mahali pake. Kidevu kikawa kimetupa kivuli chini yake, kivuli cha mshazari kilichokata kola na kushuka kifuani, chenye ncha. Yule kijana wa simuni alisema kivuli ndicho kinachompa mtu mwili, kwa hiyo nikakiacha.

Anjelika aliinamia kamera. 

"Kumbe nafanana na mama," akasema.

Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa, na hakuacha picha. Nilimchapia moja, akaitia kwenye nailoni, akawa anatembea nayo mfukoni mwa aproni pamoja na hela za dagaa.

Bango nililitundika mwezi wa tano. Magauni kumi na mawili, namba moja hadi kumi na mbili, na chini kwa herufi kubwa: Mishono ya Ludovika, Songea. Siku ile nilifagia kibaraza mara tatu. Mteja wa kwanza akaingia, akainua kidole, kidole kikaenda moja kwa moja kwenye namba tano. Halafu kidole kikasimama.

"Huyu si Anjelika wa dagaa?"

Akacheka, wala si kwa ubaya, na kidole kikahamia bango la zamani. Akachagua namba kumi na nne.

Ikawa hivyohivyo wiki nzima, na wiki ya pili. Waliingia, wakaupenda mshono, macho yakapanda usoni, wakacheka. Padri husema nabii hakubaliki nchini kwake. Hakutuambia kwamba na gauni nalo ni hivyohivyo. Wale wa Lagos wana bahati, hakuna anayejua asubuhi wanauza nini. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba kosa lilikuwa langu. Ningempiga picha vibaya, kama Amedeus, nani angemtambua? Nilijifunza vizuri mno.

Ndipo akaja Rosemary. Huyu ni mwenyekiti wa kamati ya sare ya kina mama wa parokia, wanawake thelathini na wanane waliokuwa wanajiandaa kwa jubilei ya mwezi wa nane. Fundi atakayeshona sare ile, mji wote utauona mshono wake ukipita barabarani kwa maandamano. Rosemary aliisogelea namba tano mpaka pua ikakaribia karatasi. Aliipenda, niliona. Halafu akaona uso, akarudi nyuma. Akaniambia kwa upole kwamba mshono ni mzuri, lakini kina mama watasema amewavika nguo ya muuza dagaa, na je, sina bango lenye mtu wa mbali? Angerudi Jumamosi na kamati wafanye uamuzi.

Dagaa anakula, tena wa Anjelika, tena kwa mkopo. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikamwambia karibu Jumamosi.

Alhamisi nilikwenda kwa Amedeus. Hakushangaa, alivuta kiti kama mtu aliyekuwa ananisubiri tangu Januari. Nilimwambia apandishe mwanga wa picha zote kidogo tu. Akapandisha kidogo, akaniangalia, akapandisha tena. Ngozi ya Anjelika ikatoka kwenye kahawa ikaingia kwenye chai ya maziwa, ikatoka kwenye chai ikaingia kwenye maziwa. Pua akaibana. Akaniuliza kuhusu kidevu, nikamwambia akipunguze. Miezi mitano nilikesha nikitafuta namna ya kuuleta uso ule kwenye picha, na Amedeus aliuondoa kabla chai yangu haijapoa. Wala hakunilazimisha. Kila alipouliza, mimi ndiye niliyesema ndiyo.

Kikabaki kile kivuli cha kidevu kwenye kola. Kwa jinsi mwanga wote ulivyopanda, chenyewe kilikuwa kimezidi kukolea, kingo zake kali kama kimekatwa kwa mkasi.

"Nikutolee na hiki?" Amedeus aliuliza.

"Kiache," nikasema. "Hiyo ni kazi yangu."

Chini akafuta jina langu, akaandika Mitindo ya Lagos. Hilo nalo nililisema mwenyewe.

Utaniuliza kama nilimfikiria Anjelika. Nilimfikiria. Nilijiambia kwamba Jumamosi huwa anashinda sokoni mpaka jioni, hatapita. Hiyo ndiyo dhamiri niliyokuwa nayo wiki ile, dhamiri ya kuangalia ratiba.

Jumamosi wakaja watatu, wakalikuta bango jipya ukutani. Vidole vitatu vikainuka na vyote vikaangukia namba tano. Rosemary akauliza zitahitajika mita ngapi kwa mtu mmoja, nikaanza kumjibu, tepu iko shingoni. Nikaona mlango umeingia giza. Anjelika alikuwa amesimama pale na beseni tupu. Kulikuwa na msiba mkubwa Matogoro, walikuwa wamenunua dagaa wake wote asubuhi ileile.

Hakusalimia. Alikuwa anaangalia bango. Alianza namba moja akaenda polepole mpaka kumi na mbili, kisha akarudi tano. Magauni aliyajua, alikuwa ameyavaa. Mabega yalikuwa yake.

"Na mshono huu ni wa wapi, Mama Leo?" Rosemary aliuliza.

"Wa Lagos."

"Na huyu dada ni nani?" aliuliza Anjelika. Ilikuwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo.

Kamati nzima ikanigeukia. Ningeweza kucheka. Ningeweza kusema si wewe mwenyewe, shoga yangu, basi yaishe.

"Simjui," nikasema. "Mimi nimenunua bango tu."

Rosemary akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema alijua tu kwamba nimeuiga, mkato kama ule si wa hapa. Kisha akawageukia wenzake, wakanong'ona, akanirudia kwa upole uleule. Nisiudhike, alisema, lakini kama ni mtindo wa nje basi kazi apewe fundi Joachim wa barabara kuu, yeye alijifunzia Dar, mitindo ya nje ameizoea. Mimi wangenikumbuka kwa vitambaa vya altare. Akatoa simu, akaipiga picha namba tano, mara mbili ili isitikisike.

Kulikuwa na sentensi moja ya kuirudisha kazi ile. Gauni hili nimelibuni mimi. Lakini nikiisema hiyo lazima niseme na mabega yale ni ya nani, na mwenye mabega alikuwa amesimama mlangoni akinitazama. Niliinama nikaokota vipande vya uzi sakafuni. Wakaaga, wakaondoka.

Anjelika alisubiri mpaka viatu vyao vikaacha kusikika. Akaingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatoa ile picha ndani ya nailoni yake, akaiweka juu ya cherehani, uso chini.

"Mchukue na huyu," akasema. "Nilidhani namjua."

Nilikwenda sokoni mara mbili kumwomba radhi. Mara ya kwanza aliniuliza nataka vifungu vingapi, akanipimia vizuri, akaniongeza kidogo kama anavyowaongezea watu wote, akanirudishia chenji. Mara ya pili nilianza kulia pale mbele ya meza. Alisubiri nimalize. Kisha akaniambia, "Karibu tena, mteja," akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Siku hizi akirudi jioni hupita upande wa pili wa barabara. Sauti yake naisikia ikija, naisikia ikipita.

Juni Eusebi akaleta mahindi. Nilitoa bitana ukutani, nikakunja chandarua, magunia yakapangwa mpaka juu mahali aliposimama Anjelika. Kamera nikamrudishia Amedeus. Aliniuliza kama nitaitaka tena Januari, nikasema hapana, na mpaka leo ni hapana. Mabango yangu yote mawili niliyachana nikawashia mkaa.

Jubilei ikafika. Nilisimama barabarani na watu wengine kuona maandamano. Walikuja mistari miwili miwili, thelathini na wanane, Rosemary mbele, wote katika rangi ya maziwa na kola pana kama mabawa. Gauni langu. Nilidhani kitakachoniua ni hicho. Kisha wakakaribia, nikaona vifua vyao.

Joachim alikuwa ameshona kama ilivyo kwenye picha. Chini ya kila kola alikuwa amepachika kipande cha kitambaa cheusi, cha mshazari, kinachokata kola na kushuka kifuani, chenye ncha. Amekipima vizuri, amekipiga pasi, thelathini na nane vinavyofanana. Kilikuwa kivuli cha kidevu cha Anjelika. Uso tuliufuta, kidevu tukakipunguza, na kivuli chake kinapita mjini kimeshonwa kwa uzi maradufu. Mama mmoja kando yangu alimwambia mwenzake kwamba uzuri wote wa gauni uko kwenye kile kipande cheusi, kwamba Lagos wana akili.

Ng'ambo ya barabara nikamwona. Alikuwa na beseni kichwani, kidevu juu kama kawaida, anawatazama wakipita. Katikati ya mstari mkono wake mmoja ulishuka kutoka kwenye beseni, polepole, ukamgusa kidevu. Alijua. Watu wawili tu katika umati ule wote tulikuwa tunajua, na nilimwangalia mpaka macho yakaniuma ili anione. Akaniona. Akanitazama kama unavyomtazama mtu anayepita mbele ya meza yako na unajua hanunui.

Wiki iliyofuata mteja aliingia dukani kwangu, dada kijana, simuni ana picha ya maandamano. Akainua kidole, kidole kikaangukia gauni lililotoka kichwani mwangu.

"Nishonee kama hii," akasema. "Na kile kipande cheusi usikisahau."

Nikatoa tepu shingoni. Nikamwambia asimame wima, anyanyue kidevu, nikaanza kupima.